Una Virusi, Shangazi

Shangazi yangu Veronica hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha. Alipokuwa darasa la nne aliifungua redio ya babu ili amwone mtu anayesoma taarifa ya habari. Akachapwa. Kesho yake akaifungua tena kwa sababu jana hakumaliza kutazama. Amefundisha Kiswahili Busunzu miaka ishirini na mbili, ameolewa, mume akafa kwenye ajali ya lori la mbao, amekaa mjane miaka minane, na katika yote hayo udadisi haujamwisha. Ukienda kwake na simu mpya, andaa maelezo. Ukienda na kidonda, andaa maelezo zaidi.

Mimi ni Loyce, mtoto wa kaka yake, na ugonjwa huo nimeurithi mzima mzima. Nina steshenari Kibondo mjini, njia ya kwenda sokoni. Nachapa barua, natoa kopi, naprinti kadi za harusi, na mtu kompyuta yake ikimsumbua ananiletea. Nilisoma kompyuta Kasulu miezi mitatu tu, cheti kipo ukutani, mengine nimejifunza kwa kuharibu. Mdomo nao ninao. Nalisema hilo mapema kwa sababu mambo yote nitakayosimulia yametokana na mdomo wangu. Wenye kisa wenyewe wawili wamenipa ruhusa, tena shangazi kaniambia nisipunguze kitu.

Mwaka 2014 shangazi alipata mchumba. Anaitwa Bazilio, mfuga nyuki wa Rungwe Mpya upande wa Kasulu, mjane mwenzake, mtu wa miaka hamsini na kidogo, mpole mpaka unamtilia shaka. Walikutana shuleni. Mzee Bazilio alialikwa kuwafundisha watoto habari za nyuki kwa dakika arobaini. Mwalimu Veronica akaanza kuuliza: malkia anajuaje kuwa yeye ni malkia? Nyuki akizeeka anafukuzwa au anaondoka mwenyewe? Watoto wakaenda nyumbani, jua likazama, gari la kurudi Kasulu likampita yule mzee na bado alikuwa anajibu. Wiki iliyofuata alirudi bila kualikwa, na dumu la asali.

Basi mambo yakaenda. Mshenga akawa mzee Ildefonsi, ndugu yake Bazilio kwa upande wa mama, ambaye bahati nzuri anakaa pale pale Busunzu senta. Ana kibanda chenye sola, ananyoa nywele na kuchaji simu za watu. Posa ikapangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Mimi nilishashona na gauni.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo, Majaliwa wa bodaboda akasimama mlangoni kwangu amejaa vumbi, na mgongoni kabeba kitu kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Ilikuwa kompyuta ya shangazi, ile ya mkononi aliyoinunua mtumba. Pamoja nayo kulikuwa na barua, inaanza kwa salamu yetu ya Kiha.

"Mwanangu Loyce, mwakeye. Mashine inaumwa tangu Ijumaa. Dalili: mafaili yangu yote yameota vimshale vidogo pembeni. Nikibofya, inaniambia hakuna kitu. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba upo humo, miezi miwili ya kazi, na unatakiwa Jumatatu. Flashi nayo ina vimshale. Nimejaribu kuzima na kuwasha mara tisa. Nilitaka kuifungua kwa bisibisi nikajizuia, ujue nimekua. Ukigundua ni nini usinifichie, nataka kujua yanatokeaje. Shangazi yako."

Nikacheka mwenyewe dukani. Vimshale vile nilivijua. Mwaka ule vilikuwa vimeingia kila mahali, na watu wengi wakiona hivyo hudhani kazi imepotea, wanafuta flashi nzima wanaanza upya huku wanalia. Lakini kujua jina la ugonjwa si kujua tabia yake, na mimi huwa siwezi kutibu kabla sijaelewa. Nikaweka "mgonjwa" mezani. Ndivyo ninavyoziita kompyuta za watu: mgonjwa ameletwa, mgonjwa kalazwa, mgonjwa karuhusiwa. Wateja wanapenda, na mimi naona kazi inapata heshima kidogo.

Nikachomeka flashi ya shangazi. Kweli, ndani ni vimshale vitupu. Ila kuna kitu kikanishangaza: flashi inaonekana tupu, lakini ukiiuliza nafasi iliyobaki inasema imekaribia kujaa. Sasa tupu inajaaje? Ni kama mtungi unaokuambia hauna maji halafu ukiunyanyua unakuvunja mgongo. Nikajua mafaili yapo, yamefichwa tu. Kirusi kilikuwa kimeyavalisha baibui, kisha kikaweka mbele yake majina yale yale ya bandia, ili kila ukibofya ukitafuta mtihani wako, unakiamsha chenyewe.

Nikafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, nikaandika mstari mmoja wa kuyavua. Nikasubiri. Moja baada ya jingine yakajitokeza: DARASA LA VII MTIHANI, NGELI, BARUA, PICHA ZA NYUKI. Za nyuki zilikuwa mia moja na themanini. Nikapiga kelele ya furaha mpaka jirani yangu Mwanaamina, mama wa Ujiji anayeuza vitenge, akachungulia.

"Kuna nini, umeolewa?"

"Nimepata mtihani wa shangazi!"

"Mie nilidhani jambo," akasema, akarudi kwenye vitenge vyake.

Lakini furaha ilikuwa ya dakika mbili. Nilipochomoa flashi nikairudisha, vimshale vikarudi. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine yenyewe, umejenga kabisa, kila ukiwasha na kirusi kinaamka. Ilitakiwa dawa ya kuua, si ya kuvua nguo, na dawa hiyo naipakua kwa modemu ya laini ya simu ambayo siku hizo ilikuwa inatambaa. Nikajua kazi ni ya siku mbili tatu. Basi Jumatano asubuhi nikamwandikia shangazi ujumbe. Naunukuu ulivyo, maana baadaye niliusoma mara nyingi mno:

"Shangazi shikamoo. Majibu yametoka. Una virusi, tena vya siku nyingi, vimeshasambaa. Usiogope dawa ipo tunaanza leo. Ila usiwaambie wenzako watakukimbia."

Nisikilizeni kwanza kabla hamjanihukumu. Dereva akipita na tairi limekwisha upepo, unamwambiaje? Unamwambia "una pancha." Humwambii "gari lako lina pancha." Taa haiwaki, unamwambia "huna taa." Ndivyo tunavyoongea. Na kuhusu wenzake kumkimbia, nilikuwa nawataja walimu, maana walimu wa kata ile wanaazimana flashi kama chumvi, na wakijua yako ina virusi hawakupi yao tena. Shangazi mwenyewe aliusoma akauelewa neno kwa neno. Tatizo ni kwamba hakuwa wa kwanza kuusoma.

Simu yake ilikuwa inachajiwa kwa mzee Ildefonsi.

Mimi hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba Alhamisi mchana simu yangu iliita, na nikasikia upepo mwingi, nikatambua shangazi kapanda kile kilima chao cha mtandao, maana mbali na senta haukamati.

"Loyce, posa imesimama."

"Imesimama vipi?"

"Mzee Ildefonsi kanifuata shuleni. Hanitazami usoni. Anasema wazee wanaomba muda. Nikamuuliza muda wa nini? Akasema, 'mwalimu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.' Nikamuuliza limesemwa nini? Akashika baiskeli yake akaondoka." Akavuta kamasi. "Loyce, mimi nimekosa nini?"

Shangazi yangu simjui kwa kulia. Siku ya msiba wa mume wake alikuwa anamuuliza fundi kwa nini jeneza lina misumari sita na si minane. Sasa analia juu ya kilima, na hana kingine cha kuuliza. Roho iliniuma, jamani. Halafu hasira zikapanda. Nikamwambia aje kesho achukue mashine yake tuongee vizuri, nikakata simu, nikamwambia Mwanaamina kupitia ukuta kwamba huyo mzee wa nyuki akipita mbele yangu nitamwonyesha cha mtema kuni.

Ijumaa saa tatu asubuhi, mzee wa nyuki akapita mbele yangu.

Aliingia na ndoo ndogo ya asali, kofia mkononi, shati limepigwa pasi. Nikamwamkia kwa sababu mama yangu alinilea, lakini shikamoo yenyewe niliitoa puani.

"Marahaba, binti. Naweza kukaa?"

"Benchi ni la wateja wote."

Akakaa. Akatazama mashine ya kopi, akatazama cheti changu ukutani, akatazama mikono yake. Mwishowe akasema taratibu, "Nimekuja kwa habari za mwalimu. Nimesikia... nimesikia kuna virusi."

Nikashangaa. Huyu kajuaje habari za kompyuta? Halafu nikaunganisha, na hasira ikanijaa kifuani. "Kwa hiyo kwa ajili ya virusi ndiyo mmesimamisha posa?"

"Waliosimamisha ni wazee. Mimi sijasimamisha."

"Basi wazee wenu washamba, unisamehe! Virusi kitu gani? Nusu ya mji huu wanavyo. Walimu wanne wa kata ile wanavyo, nimewatibu mimi hapa hapa. Hata katekista nimemtibu!"

"Katekista!" Mzee Bazilio akashika kifua.

"Tena yeye ndiye alikuwa na vingi kuliko wote, maana anachomeka kila mahali."

Akafanya ishara ya msalaba. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwalimu, nani kampima?"

"Mimi."

"Wewe, binti?"

"Sasa nani mwingine? Nimempima juu ya meza hii hii."

Mzee akaondoa kiwiko chake mezani, pole pole, kwa adabu. "Na dawa kaanza?"

"Kaanza juzi. Jana peke yake vimekufa mia nne na kumi na mbili."

"Vinakufa?" Hapo macho yake yakabadilika. Alinisogelea kama mtoto anayesikia hadithi. "Sisi tunaambiwa havifi. Vinalala tu, vinajificha."

"Vingine vinajificha, ni kweli. Hivyo ndivyo vibaya. Unadhani umepona, kumbe vipo ndani kabisa vinasubiri uache dawa."

"Ego," akakubali kwa Kiha, akitikisa kichwa. "Ndivyo daktari anavyosema. Na anayehesabu ni nani, hizo mia nne?"

"Inahesabu yenyewe."

Akatafakari hilo. Alionekana mtu ambaye anaheshimu sana mambo asiyoyaelewa. Kisha akauliza, "Na sidii foo zake ni ngapi?"

Mimi nikasikia sidii. Sidii, zile za kuweka nyimbo. Nikasema, "Sidii? Mzee wangu, huyu habari ya sidii ilishakufa zamani. Hata ukimtumbukizia moja, anaitema."

Mzee Bazilio akainama akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani amepatwa na kizunguzungu kwa njaa ya safari, nikainuka kumtafutia maji. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamshuka kwenye ndevu, wala hayafuti.

"Mwambie asikate tamaa," akasema. "Tafadhali, binti. Mimi zangu zilishuka mpaka arobaini. Arobaini! Nilikuwa nabebwa kwa machela. Leo zipo mia sita na ishirini. Miaka tisa nameza, asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja. Napanda mti, navuna asali. Mwambie mwalimu inawezekana."

Nilisimama na kikombe cha maji mkononi. Kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa yote kwa mkupuo: ujumbe, "una," "majibu yametoka," simu kwenye sola ya mshenga, baiskeli ya Ildefonsi, sidii foo za kupima kinga ya mwili, katekista. Mama yangu wee, yule katekista! Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Huyu mzee kaja Kibondo kutoka Rungwe Mpya, kanifunulia siri yake ya miaka tisa, na mimi nilikuwa namweleza habari za mashine.

Nikaweka maji. Nikaigeuza kompyuta ya shangazi imtazame. Dawa ilikuwa bado inatembea kwenye kioo, inahesabu.

"Mzee," nikasema, "nisamehe. Mgonjwa ni huyu hapa."

Aliitazama muda mrefu sana. Namba zinapanda, mia nne na thelathini, mia nne na thelathini na moja.

"Hii kompyuta ya mwalimu?"

"Ndiyo. Ina virusi vya kompyuta. Shangazi yeye hajapima popote, sijui lolote la damu yake. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

"Kumbe ni mashine," akasema. Akachukua kofia yake. Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. "Unajua, binti, Ildefonsi alikuja na baiskeli usiku wa Jumatano kunipa habari, ananipa pole. Mimi ndani ya moyo nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema basi, huyu hatanikimbia. Maana padri asingetangaza ndoa kabla hatujapima, na mimi nilikuwa nazihesabu siku. Kila nikienda kwa mwalimu nasema leo namwambia. Ananiuliza habari za nyuki, namjibu za nyuki, narudi."

"Wazee wanajua?"

"Anajua daktari, alijua marehemu mke wangu, na sasa unajua wewe." Akasimama. "Mwambie nimeghairi. Mwambie nimezeeka, lolote. Hilo lingine nakuomba libaki hapa."

Hapo ndipo hasira yangu ilipofanya kazi nzuri mara moja maishani. "Simwambii!" nikapiga meza. "Mdomo wangu ukibeba ujumbe mwingine wiki hii watu watakufa! Siri yako nitaitunza mpaka kaburini, mzee, lakini kughairi ughairi mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele yake. Jana kapanda kilima analia anauliza kakosa nini. Umwache akae na swali hilo maisha yote? Shangazi yangu? Utamuua kwa swali hilo kabla ya kirusi chochote."

Alifungua mdomo kunijibu, na nje tukasikia pikipiki ya Majaliwa inazimwa.

Shangazi aliingia akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Akamwona Bazilio. Akasimama wima, ule wima wa mwalimu aliyekuta darasa linapiga kelele.

"Mwakeye, mzee Bazilio."

"Mwakeye, mwalimu."

"Nimeambiwa mnaomba muda."

Mzee akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Nikasema, "Shangazi, kaa. Mzee ana neno lake, nami nina langu la kuomba msamaha, lakini lake lianze." Nikachukua funguo, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu.

Sasa mnijue vizuri: mimi ni mtu ambaye mteja akiniletea barua nichape, naisoma mpaka anuani. Kunitoa nje ya duka langu mwenyewe wakati linasemwa jambo kama lile ni adhabu ya kifo. Nikakaa kwenye kizingiti cha Mwanaamina, mgongo nimeupa mlango wangu, vidole nimevifumba.

"Yarabi, umefukuzwa dukani kwako?" Mwanaamina akauliza.

"Nimejifukuza."

"Sikio lako limesimama kama la sungura. Nenda basi kasikilize."

"Siendi."

Akaniangalia, akaona si mzaha, akanimiminia kahawa. Mteja akaja na cheti cha kuzaliwa anataka kopi, nikamwambia umeme umekatika, wakati redio ya Mwanaamina inaimba. Kule ndani kimya. Sauti ya Bazilio ikasikika kidogo, nzito, inakwenda inasimama. Kisha kimya kingine kirefu, kirefu mno, na hicho ndicho kilichonitisha. Shangazi yangu akimaliza na mtu hamtukani wala hamfukuzi. Anaacha kumuuliza maswali, basi. Mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kumdanganya alifanya naye kazi miaka sita na hakuulizwa hata saa.

Nikawa naomba, Mungu wangu, aulize kitu. Chochote.

Kahawa ilikuwa imepoa. Na ndipo nikaisikia sauti yake, ya juu, ile ya darasani, inapita kwenye mbao za mlango:

"Kwa nini saa mbili kamili? Ukimeza saa tatu inakuwaje?"

Nikaangua kilio, kahawa ikamwagika kwenye kitenge cha watu. Mwanaamina akaruka. "Mtoto huyu ana wazimu! Kuna nini?"

"Anauliza," nikasema. "Mwanaamina, anauliza!"

Na hakuacha. Nilisikia "vinalala wapi?" Nikasikia "na wewe ulijisikiaje siku ya kwanza?" na jibu refu. Walikaa saa nzima na nusu. Walipofungua mlango, macho yao wote yalikuwa mekundu, na ndoo ya asali ilikuwa imefunguliwa.

Nikapiga magoti palepale barazani, nikamweleza shangazi habari ya ujumbe na simu ya kwenye sola. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Inuka, unachafua sketi," halafu akaingia kutazama mashine yake.

"Umeitibu?"

"Nimeitibu. Mtihani upo, nimekuwekea na kwenye flashi safi."

"Vitarudi?"

"Vitarudi ukipokea flashi ya mtu bila kuipima kwanza."

"Ukiipima?"

"Ukiipima ukajua ina nini, unaitumia kwa utaratibu wake. Haina neno."

Shangazi akamgeukia mzee Bazilio. "Umesikia mtaalamu? Kupima kwanza." Kisha akaniachia kompyuta, akafunga kilemba vizuri, na wakatoka pamoja. Majaliwa akawasha pikipiki akidhani wanaelekea Busunzu. Wakampita kwa miguu, wakashika njia ya hospitali. Shangazi alikuwa anaongea kwa mikono, na yule mzee ameinamisha kichwa upande wake anasikiliza.

Mzee Ildefonsi alielezwa kuhusu kompyuta tu, mengine hayakumhusu siku ile. Shangazi alimpelekea mashine kibandani, akaifungua mbele ya watu waliokuja kunyolewa, akamfundisha ngeli ya I-ZI kwa muda wa robo saa: mtu ana, mashine ina. Nasikia mzee alitubu, na mpaka leo simu ya mtu ikiwaka juu ya meza yake anaifunika na taulo.

Jumapili ile posa haikufanyika. Sikuambiwa kwa nini, na kwa mara ya kwanza sikuuliza. Niliwaza kila jioni. Nilijua mtu anaweza kuuliza maswali yote duniani na bado akasema hapana, na ni haki yake.

Jumatano baada ya hapo nilikuwa natoa kopi za ule mtihani wa darasa la saba uliokabidhiwa Jumatatu, simu ikatetemeka. Nikafuta mikono.

"Loyce. Majibu yametoka. Mimi sina. Yeye anavyo. Kompyuta haina. Posa ni Jumapili saa nne, vaa lile gauni. Mdomo uache Kibondo."